Nilipokuwa Naambiwa Nisiwaze

Mwaka 2013 nilikuwa na mimba ya pili, na kila aliyeniona nimekunja uso alinipa dawa ileile: usiwaze. Jirani yangu wa Mbagala alinipa huku anapepeta mchele. Mwalimu mwenzangu alinipa ofisini, katikati ya kusahihisha madaftari. Mama mkwe alinipa kwa simu, tena akaizidisha makali: "Usiwaze, mwanangu, mtoto tumboni anasikia kila kitu." Ikawa nawaza, kisha nawaza kwamba nimewaza na mtoto ameshasikia.

Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika ikiwa na miezi minne. Sababu sikuambiwa, na sidhani kama kuna aliyeijua. Watu walinipa pole siku mbili tatu, kisha wakanyamaza, maana mimba iliyoharibika haiwekewi tanga. Kwa hiyo hii ya pili ilipoingia niliificha chini ya dera kadiri nilivyoweza. Usiku nilikuwa naamka kwenda msalani kuangalia kama kuna damu, narudi kitandani, halafu naamka tena kuhakikisha kwamba niliangalia vizuri. Moyo ulikuwa unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Kifua kinabana, mikono inakuwa ya baridi kwenye joto lile la Dar es Salaam. Darasani nafundisha sehemu, theluthi na robo, akili iko tumboni.

Na hofu ile sikujitungia. Bibi zetu husema mjamzito mguu wake mmoja uko kaburini, na hawakuyatoa hewani. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulikuwa umekadiria vifo 454 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 umetaja 104, hatua kubwa ambayo sisi tuliozaa miaka ile tunaitazama kwa wivu kidogo. Wakati huo takwimu hizo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni mwanamke wa mtaa wa pili, aliyeondoka kwenda kujifungua akarudishwa amevikwa sanda. Unapomwambia mjamzito wa mtaa kama ule asiwaze, unamtaka asahau mazishi aliyoyahudhuria.

Kilichoanza kunipunguzia kilikuja kwenye simu. Mwishoni mwa 2012 ilikuwa imezinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni: unatuma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo, unaeleza mimba ina wiki ngapi, nayo inakutumia ujumbe unaolingana na umri wa mimba. Nenda kliniki. Lala kwenye chandarua. Weka akiba ya usafiri. Ulipoingia ujumbe wa dalili za hatari nilitetemeka: kutoka damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, mtoto kuacha kucheza. Nikaunakili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba nalala vizuri zaidi. Hofu yangu ilikuwa haina mpaka, lakini orodha ile ilikuwa nao. Nikishtuka usiku nawasha tochi ya simu na kusoma: kipo hapa? Hakipo. Basi lala, asubuhi utamuuliza nesi.

Manesi nao si wamoja. Kliniki niliyoanzia siitaji. Tulikuwa tunapangwa kwenye mabenchi kuanzia alfajiri, na ukiuliza swali unajibiwa, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kubeba mimba?" Nikahamia nyingine, mbali kidogo, ambako kulikuwa na nesi mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinilaza, akachukua ile pembe ya kusikilizia mtoto, akaibana kati ya sikio lake na tumbo langu. Mimi sipumui. Nikafikiri atasema tu "yuko sawa" na kuandika kwenye kadi kama wengine. Badala yake alinishika mkono na kuanza kunigongea kwa kidole, tap-tap-tap-tap, kwa mwendo uleule aliokuwa anausikia.

"Hayo ndiyo mapigo ya mwanao."

"Mbona mbio hivyo, Sista?"

"Ndivyo yanavyotakiwa. Ya kwake mia na kumi mpaka mia na sitini kwa dakika. Ya kwako ndiyo yapungue."

Nililia pale kitandani, naye akaniacha nilie mpaka mwisho, kisha akaniambia nivae.

Mimba ilipofika mwezi wa nane nilirudi Tanga, kwa kuwa mzazi wa kwanza hujifungulia kwao. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, hivyo kwetu kulikuwa kwa shangazi, Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Shangazi alikuwa mkanda wazazi. Alikanda nusu ya wanawake wa barabara ile na mabinti zao. Usiku wa kwanza alinikuta nimekaa barazani, saa za watu kulala. Alikuwa na kichane chake cha miyaa na ukili aliokuwa anausuka. Akakaa karibu yangu, vidole vikaendelea na kazi.

"Haya, unaogopa nini?"

"Kufa, Shangazi."

"Na nini tena?"

"Mtoto asije akafa."

"Na nini tena?"

Nikataja kupasuliwa. Nikataja kuzaa mtoto mwenye kasoro. Nikataja mume kuchoka na mimi. Kila nikitaja yeye anaitikia, "Na nini tena?", hanitulizi wala hanikatizi. Mwisho nikafika kwenye lile nililokuwa silisemi hata kwa mume wangu: naogopa kujinyea mbele ya manesi.

Shangazi akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Hilo," akasema, "ndilo pekee ninaloweza kukuhakikishia kwamba litatokea. Na manesi wamelizoea kuliko wewe unavyozoea chaki."

Sijawahi kupata faraja kama ile. Halafu akaanza kuyashughulikia yale mengine kwa vitendo. Kesho yake tulikwenda sokoni tukanunua beseni, mpira wa kuzalia, pamba, glavu, uzi wa kufungia kitovu, kanga doti tatu zilizokwisha kufuliwa zikalainika. Akampigia dereva teksi anayelala mtaa ule, akamwambia mbele yangu kwamba simu yangu ikiita usiku asiulize nani. Nauli akaifunga kwenye pindo la kanga na kuiweka juu ya beseni. Nikikosa usingizi ananipa miyaa nisuke. Nilisuka vibaya sana, ukili wangu ulikuwa unakwenda upogo, lakini mikono ikishughulika kifua kinafunguka. Ukili ule haukushonewa mkeka wowote, Shangazi alikuwa na heshima zake.

Kujifungua kwenyewe sina mengi ya kusimulia. Uchungu ulianza baada ya Isha, mtoto wa kiume akatoka kukipambazuka, na ahadi ya shangazi ikatimia barabara.

Ya arobaini ndiyo yenye maneno. Kila asubuhi Shangazi anapasha maji hadi yanatoa mvuke, anachovya kitambaa, anakikamua, anakibandika tumboni na kiunoni huku anakandamiza kwa kiganja. Nilikuwa nauma meno. Akimaliza ananifunga tumbo kwa kanga, ananipa uji wa pilipili manga, halafu ananifukiza. Mchana supu ya kuku wa kienyeji. Sioshi chombo, sifagii, sipiki. Na mzazi haachwi peke yake chumbani: akitoka Shangazi anaingia binamu, akitoka binamu anaingia jirani na kunde zake za kuchambua. Wenyewe wanakwambia ni kwa sababu mzazi ana damu mbichi na mashetani humpenda. Mimi najua nilichokiona: mwanamke aliyetoka kuzaa alikuwa na mtu wa kumshikia mtoto saa zote, analala mchana, anakula cha moto, na anaguswa mwili wake kila siku na mtu anayempenda. Dawa nyingine za wasiwasi nilizokuja kuzisikia baadaye kwa majina ya kitaalamu zilikuwamo chumbani mle tayari.

Siku ya tatu au ya nne, maziwa yalipojaa, nililia kutwa bila sababu. Nililia kwa sababu taulo imedondoka. Shangazi hakushangaa. Alisema hayo ni machozi ya maziwa, yatapita, na kweli yalipita. Wataalamu wanasema vivyo hivyo: homoni hushuka ghafla baada ya kuzaa, mama wengi hulia siku za mwanzo, na kwa kawaida hukoma ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo si machozi ya maziwa tena.

Lakini nisiisifu arobaini kupita kiasi, maana chumba kilekile kilichonituliza kilinitia hofu nyingine mpya. Wageni walikuja na kitovu. Kitovu kikidondokea kwenye uume wa mtoto, eti atakuwa hanithi ukubwani. Nilikuwa nimeambiwa hospitali nikiweke kikavu na kisafi, nisipake kitu, lakini hilo la kudondoka hawakunigusia, nami nikawa nakesha nimeshika nepi kwa vidole viwili kama mtu anayetegua mtego. Kisha wakaja na kubemenda: mtoto akichelewa kunenepa hutafutwa nani kati ya baba na mama amevunja mwiko wa kitandani. Mtoto akikohoa mama anahojiwa. Akikonda mama ameshahukumiwa. Watu wanaopenda kusema mila zetu zilikuwa na kila jibu wakumbuke na hili. Mila ilinikanda tumbo kwa mkono mmoja, ikanibana koo kwa mwingine.

Arobaini ikaisha, mtoto akanyolewa, nikarudi Dar es Salaam. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Vyumba viwili vya kupanga Mbagala. Mume wangu ni fundi umeme wa kampuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 za kuhudhuria uzazi, na alishazitumia zote kwa safari ya Tanga. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku. Mimi nina likizo ya siku 84, nazihesabu kwa hofu zinavyopungua. Nikabaki na mtoto, ukuta na redio. Usiku nikaanza tena kuamka, safari hii kuweka mkono mbele ya pua yake nione kama anapumua. Akipumua, namtikisa kidogo nihakikishe. Akilia, nafarijika. Asubuhi nimechoka kiasi kwamba natia chumvi kwenye chai.

Halafu ikaja picha ya pipa. Uani kulikuwa na pipa la maji la buluu, la wapangaji wote. Siku moja nimembeba mtoto nachota maji, ikanijia picha, wazi kama filamu: mimi namwachia ndani. Sikutaka. Nilirudi chumbani nikafunga mlango nikakaa chini. Tangu siku hiyo sikutoka naye uani. Naogea nikiwa nimemwacha kwa jirani, na nikifua namwomba jirani akae naye mlangoni. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwanamke anayesema amejiona akimzamisha mwanawe, mtaani jina lake linabadilika siku hiyohiyo.

Mama mkwe aliona sili. Akaleta shekhe, nikasomewa, nikanywa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani nyeupe. Sitalikejeli kombe. Usiku ule nililala, labda kwa dua, labda kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Tanga watu watano walikaa chumbani kwangu kwa ajili yangu na si kwa ajili ya mtoto. Ila pipa lilirudi baada ya siku chache.

Msaada ulitoka mahali nisipopatarajia. Nilikuwa nimempeleka mtoto chanjo ya wiki ya kumi. Pembeni mwa mizani alikaa binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, na rundo la karatasi za utafiti wake. Akaniuliza kama nina muda. Hakuwa na sauti ya huruma wala macho ya kupekenyua, alikuwa anasoma tu, kama anayeita majina ya wanafunzi. Siku saba zilizopita umeweza kucheka? Umekuwa na wasiwasi bila sababu ya maana? Umeshikwa na hofu? Kila swali lina majibu manne, chagua moja. Nadhani ningeulizwa kwa upole ningesema sijambo. Karatasi haikunionea aibu nami sikuionea. Tulipofika swali la kumi, lile linalouliza kama umewahi kufikiria kujidhuru, nikasema mimi sijafikiria kujidhuru, lakini kuna pipa. Kalamu ikasimama. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaniomba nisiondoke, akaenda kumwita mkubwa wake.

Maswali yale, nilikuja kujua, yalitungwa Uskoti na John Cox na wenzake na kuchapishwa mwaka 1987, nayo hutumika sehemu nyingi duniani kupima hali ya mama aliyejifungua. Hayachukui hata dakika kumi.

Mkubwa wake akanielekeza kwa muuguzi wa afya ya akili, mwanamume, kitu kilichonikatisha tamaa kabla hajafungua mdomo. Akanisikiliza. Nilipomaliza habari ya pipa akaniuliza, "Picha ikija, unajisikiaje?" Nikamwambia natetemeka, nakimbia. "Basi," akasema, "anayetaka kufanya hakimbii." Akaeleza kwamba picha kama hizo huwajia mama wengi wenye watoto wachanga, za kisu, za ngazi, za maji ya moto, na huwajia zaidi walio waangalifu. Akanitajia pia ambayo si ya kungoja: mama anayesikia sauti zinazomwamuru, asiyelala siku kadhaa na wala hachoki, anayeamini mtoto si wake au ana jambo la ajabu, maneno yake hayashikani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kesho, na asiachwe na mtoto peke yake.

Tiba yangu haikuwa na miujiza. Alinifundisha kupumua tumbo likipanda na kushuka, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, nifanye kabla hofu haijapamba moto. Alimwita mume wangu, akamwambia usingizi wa mama ni sehemu ya dawa. Tukagawana usiku: nikishanyonyesha saa tatu nalala, yeye anabaki na mtoto hadi saa saba, akilia ananiletea anyonye tu. Na pipa tukaliendea. Kwanza na mume wangu kasimama pembeni, mtoto begani kwangu, moyo unapiga kama ngoma ya mdundiko. Nikakaa pale mpaka mapigo yaliposhuka yenyewe. Kesho tena. Halafu mume akasimama mlangoni. Halafu akaenda kazini. Sikumbuki siku picha ilipokoma. Nakumbuka tu kwamba siku moja nilikuwa nachota maji huku nagombana na mpangaji mwenzangu kuhusu bili ya maji, mtoto mgongoni, na ugomvi ulipoisha ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama kwenye pipa. Mimi sikuhitaji vidonge. Wako wanaovihitaji, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa hata mama anayenyonyesha, kwa hiyo asikwambie mtu uchague kati ya titi na akili yako.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea wenye matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, ni asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua. Kwenye benchi la kliniki la akina mama kumi, wawili. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi za watu kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wagonjwa wenye mawazo mengi, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Niliposoma habari zake nilimpigia Shangazi kumsimulia. Akauliza, "Wanalipwa?" Nikamwambia sina hakika. "Waulize," akasema, "mimi nimefanya bure miaka yote."

Mwaka 2017 nilipata binti. Nilikwenda kliniki tangu mwanzo nikiwa na habari zangu kamili, nikamweleza nesi kuhusu pipa kabla hajaniuliza lolote. Aliduwaa kidogo, akageuza kadi yangu mbele na nyuma akitafuta pa kuandika. Kulikuwa na mahali pa uzito, presha, damu, mkojo, kimo cha mimba, mlalo wa mtoto na mapigo yake. Akaishia kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, pale karatasi ilipokwisha. Wanaochapisha kadi zile waongeze mstari mmoja wa hali ya mama, na nesi atakayeujaza apewe muda wa kusubiri jibu.